Trei Tatu za Mayai: Somo Nililolilipia Kwenye Biashara ya Vifaa vya Elektroniki

Leo sina picha ya gari wala ya nyumba niliyojenga. Nina habari ya sensa moja ya shilingi 6,000 iliyoharibu mayai ya mama mmoja wa Laela, na aliyeiuza ni mimi. Hata kama wewe unauza vitenge au mafuta ya nywele, soma mpaka mwisho. Kuna chako humu.

Mimi niko Sumbawanga mjini, mkoa wa Rukwa. Nimeishia kidato cha nne. Matokeo yalikuja ya kusikitisha, nikaenda kukaa kwenye fremu ya mjomba wangu ambaye ni fundi redio. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kushika tochi na kuwasha pasi ya kulehemu. Baadaye nikaanza kubadilisha chaji za simu, halafu spika, halafu nikaanza kuangalia video za YouTube usiku kwa bando la usiku. Huko ndiko nilikokutana na kitu kinaitwa Arduino.

Kwa asiyejua, Arduino ni bodi ndogo, inaenea kwenye kiganja. Katikati ina maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo sana inayofanya kazi moja unayoiagiza: ikipata giza washa taa, maji yakijaa zima pampu, joto likishuka washa balbu. Ilianzia Italia, mji wa Ivrea, mwaka 2005, kwenye chuo cha usanifu ambako walimu walitaka wanafunzi wasiosomea umeme nao waweze kutengeneza vitu. Ile inayouzika zaidi inaitwa Uno, ilitoka 2010. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, ndiyo maana viwanda vya China vinatengeneza za kwao kwa bei ya chini na hakuna anayekamatwa, ilimradi wasibandike jina la wenyewe. Sisi wauzaji wadogo tunaishi kwa hizo.

Nilianza na shilingi 180,000. Nikaagiza Kariakoo bodi tatu, sensa kadhaa, waya za jampa, rezista na taa za LED. Mzigo ukaja kwa basi, Dar mpaka Mbeya, Tunduma, Sumbawanga. Nikapiga picha, nikaweka mtandaoni. Wiki nzima kimya.

Halafu yakaja maswali, lakini siyo ya kununua. Si mnajua jina la mji wetu lina sifa gani. Mtu wa Mwanza anauliza, "Mzigo wa Sumbawanga unakuja kwa basi au kwa ungo?" Mwingine, "Nikichelewa kulipa utanitumia radi?" Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaona hawa wamesimama kwenye tangazo langu, wamecheka, na bado wapo. Nikaanza kuwajibu: "Ndugu, ungo haupokei mzigo wa dhaifu. Tunatumia basi la saa kumi na mbili asubuhi, risiti nakutumia WhatsApp." Wateja wangu wawili wa kwanza nje ya mkoa walitokea kwenye utani huo. Kwa hiyo usigombane na mtu anayetania jina la kwenu. Mjibu vizuri, umuonyeshe risiti.

Kuna na wale wa hapa hapa waliosema vitu hivi siyo vya watu wa Ufipa, tulime mahindi na alizeti basi. Hao nawakumbusha kwamba babu zetu walikuwa wanayeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo yanayompita mtu kimo, na yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Ufundi haujaanza kuingia Ufipa na simu janja.

Wateja wangu wako aina tatu. Wa kwanza ni wanafunzi: wa vyuo vya ufundi, wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Mbeya, na wa sekondari wanaojiandaa na mashindano kama Young Scientists Tanzania yaliyoanzishwa 2011, au MAKISATU ya serikali yaliyoanza 2019. Hawa wana haraka na hawana hela. Wa pili ni mafundi, wanajua wanachotaka, wanataka bei. Wa tatu ni wakulima na wafugaji wenye wazo kichwani. Hawa ndio wanaolipa bila maneno mengi, na ndio wanaoumia ukiwadanganya. Mama wa Laela alikuwa wa aina hii.

Ilivyokuwa

Mama huyu alikuwa na kijana wake aliyemaliza fomu foo, mjanja wa kuunda vitu. Walitengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa mbao na plaiwudi, balbu nne, kifeni cha kompyuta mbovu, na bodi ya Arduino ya kuwasha na kuzima balbu kupitia rilei. Walibakiza sensa ya joto tu. Mama akanipigia mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeona kwenye ukurasa wako una sensa ya joto. Inapima vizuri ya mayai?"

Sasa hapa nielewe. Kuna sensa mbili zinafanana umbo. Moja ni ya buluu, DHT11. Nyingine nyeupe, DHT22. Zote zinapima joto na unyevu. Ila ya buluu, hata karatasi ya kiwandani kwake inasema inaweza kukosea nyuzi 2 juu au chini. Nyeupe inakosea kama nusu nyuzi. Ukitaka kujua tu kama chumba kina baridi, ya buluu inatosha kabisa. Ila mayai ya kuku kwenye mashine yenye kifeni yanataka nyuzi 37.5 kwa siku 21. Ukikosea nyuzi mbili hapo, umekosea kila kitu.

Mimi nilikuwa najua hayo. Naomba msidhani sikujua. Nilikuwa nimeyasoma. Lakini nyeupe zilikuwa zimeisha, mzigo mwingine ulikuwa bado wiki mbili, na kodi ya fremu ilikuwa imebaki siku tatu. Nikamwambia, "Inapima mama, ndiyo hiyo hiyo wanayotumia watu." Akalipa kwa simu palepale, hata punguzo hakuomba. Sensa 6,000, faida yangu 2,500.

Siku ishirini na tatu baadaye, saa moja asubuhi, simu ikaita. Aliweka trei tatu, mayai 90 ya kuku wa kienyeji, mengine aliyanunua kwa majirani kwa shilingi 500 kila moja. Vilitoka vifaranga saba, na viwili kati ya hivyo havikusimama.

Nikaanza kujitetea. Nikamuuliza kama umeme ulikatika, kama mayai yalikuwa ya zamani, kama kijana aliandika programu vizuri. Mama akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema hivi: "Mwanangu, mimi sikukuuliza bei. Nilikuuliza kama inapima vizuri ya mayai."

Hakupiga kelele wala hakusema ataniandika mtandaoni. Angenitukana ingekuwa rahisi.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Laela, nikiwa na kipimajoto cha homa cha duka la dawa. Tukawasha mashine bila mayai, tukaacha ndani chupa ndogo ya maji usiku kucha ili maji yapate joto lile lile la ndani. Asubuhi kioo kilikuwa kinaonyesha 38. Tukatumbukiza kipimajoto kwenye maji: 39.6. Kijana alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Hata sensa haikuwa mbovu, ilikosea ndani ya kiwango kile kile ambacho karatasi yake imeandika. Aliyekosea ni mimi niliyekuwa nimeisoma hiyo karatasi.

Nilimlipa mama shilingi 45,000 za mayai kwa mafungu matatu, na mzigo ulipofika nikampa sensa nyeupe bure. Piga hesabu mwenyewe: nimetafuta faida ya 2,500, nimelipa 45,000, nauli, na sensa. Na hapo sijahesabu siku 21 za mama kuamka usiku kugeuza mayai.

Kosa la pili, la upande wa pili

Niliporudi nikajisemea, kuanzia leo hakuna sensa inatoka hapa bila kupimwa. Safi. Nikaingia YouTube, jamaa mmoja wa Ulaya anafundisha: chemsha maji, tumbukiza sensa isiyoingia maji, DS18B20, lazima isome karibu 100. Nikachemsha sufuria. Ya kwanza ikasoma 94. Ya pili 94. Zote tano 94 na ushee. Nikaziandika MBOVU kwa kalamu, nikamtumia aliyeniuzia maneno makali.

Mwalimu mmoja wa fizikia alikuja dukani kununua rezista, akaziona, akacheka sana. Akaniambia, "Dogo, maji yanachemka kwa nyuzi 100 kule Dar, usawa wa bahari. Sisi tuko juu, kama mita 1,800. Huku maji yanachemka kwenye 94." Kumbe mama yangu angeniambia bure: maharage yale yale yakipikwa Dar yanaiva haraka, huku yanakula kuni. Sensa zangu zilikuwa nzima kabisa. Nikamuomba radhi yule muuzaji, na nashukuru alinisamehe.

Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja nilisifia kitu kisichofaa na nikavikataa vitu vizuri, yote kwa sababu nilichukua maneno ya mtu mwingine bila kuyapima hapa nilipo. Tangu hapo nimejiwekea taratibu, nazo ni hizi.

1. Uliza kazi kabla ya kutaja bei

Mtu akiandika "bei gani?", namjibu bei, lakini kwenye ujumbe huo huo namuuliza, "Unaitaka ya kazi gani?" Mara nyingi jibu linabadilisha bidhaa. Mtu anataka sensa ya unyevu wa udongo ya bei rahisi, ile yenye miguu miwili ya chuma. Nikiuliza kazi, anasema bustani ya mboga, ikae shambani msimu mzima. Hiyo ya miguu ya chuma huliwa na kutu upesi ikikaa kwenye udongo wenye maji huku ina umeme. Namwambia achukue ile ya kapasita, inauzwa ghali kidogo ila chuma chake hakigusi udongo. Akisema ni ya maonyesho ya shule ya siku mbili, ya rahisi inamtosha, asipoteze hela.

2. Kwenye tangazo andika kitu hakiwezi nini

Kila bidhaa yangu sasa ina mistari mitatu: inafanya nini, haiwezi nini, inahitaji nini ili ifanye kazi. DHT11 nimeandika wazi: "Ya kujifunzia na ya chumba. HAIFAI mashine ya vifaranga." Niliogopa wateja watakimbia. Kweli, mwezi wa kwanza wanne walikimbia, niliwahesabu. Lakini wafugaji wakaanza kuulizia nyeupe kwa jina, na faida ya nyeupe ni kubwa kuliko ya buluu.

3. Uza seti, kwa ajili ya mteja

Mfano: sensa ya kupima umbali, HC-SR04, inatoa umeme wa volti 5. Bodi ya ESP32, hii ya kampuni ya Espressif ya Shanghai yenye Wi-Fi ndani, pini zake zinataka volti 3.3. Mwanafunzi akiunga moja kwa moja anaweza kuiua pini. Dawa yake ni rezista mbili tu, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, zinagawa volti 5 zinabaki kama 3.3. Nazifunga pamoja na kikaratasi cha mchoro nilichochora kwa mkono. Rezista mbili ni hela ya pipi, lakini zinanizuia kupigiwa simu ya "bodi yako imekufa".

Na wewe unayeuza nguo au vyombo, jiulize: ni kitu gani kidogo mteja akikikosa bidhaa yako itaonekana mbovu?

4. Jua malalamiko yanayojirudia, uwe na jibu tayari

Malalamiko namba moja kwangu: "Bodi haionekani kwenye kompyuta." Nilikuwa nabadilisha bodi kwa hasara, kumbe nzima. Bodi nyingi za bei nafuu zina chipu ya CH340, na kompyuta nyingine inataka programu yake kwanza. Au waya wa USB ni wa kuchajia tu, hauna nyaya za kupitisha data ndani. Sasa nina ujumbe mmoja wa sauti wa dakika moja na ile programu, natuma kabla mteja hajauliza. Bodi zinazorudishwa zimekuwa chache sana.

5. Pima, rekodi, ndipo ufunge

Kila bodi naiwasha, naandika jina la mteja na tarehe kwenye karatasi, narekodi video ya sekunde 15 taa ikiwaka pembeni ya hiyo karatasi. Namtumia. Siku kukiwa na ubishi kama iliharibikia kwangu, kwenye basi au kwake, tunaanzia kwenye video. Sensa za joto za waya nazipima kwa maji ya uvuguvugu kwenye kikombe pamoja na kipimajoto cha homa, maana hicho kimetengenezwa kuwa sahihi hasa kwenye joto la mwili, na mayai yanataka humo humo. Zile nyeupe hazitakiwi kuingia maji, hizo nazifungia kwenye boksi lenye balbu pamoja na ya waya niliyoipima tayari.

Wakati wa kufunga, bodi inabaki kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, pini nazichomeka kwenye kipande cha sponji la godoro la zamani, halafu boksi gumu. Wapakiaji wa stendi hawajui kama ndani kuna pini.

6. Kataa kuuza uongo, hata kama wote wanauza

Kuna betri za lithiamu za saizi ya 18650 zimeandikwa 9900. Betri nzuri ya umbo hilo huwa kati ya 2000 na 3500 hivi. Yenye 9900 ni maandishi tu. Mtu anaifungia taa ya kuvulia dagaa Kasanga, anategemea usiku mzima, inamwachia gizani ziwani. Nilizokuwa nazo nilizipima, nikaandika kwa kalamu kiasi cha kweli, nikaziuza kwa bei ya kiasi hicho. Niliingia hasara. Sijaagiza tena.

Nilipofika sasa

Sijawa tajiri, nisiwadanganye. Bado niko kwenye fremu ya mjomba, ila sasa nachangia nusu ya kodi. Kuna wiki nauza vizuri, kuna wiki nakaa nalehemu redio za watu. Mtaji wangu umetoka 180,000 umefika kama 900,000 ukihesabu na mzigo ulio njiani.

Mama wa Laela alijaribu tena kwa sensa nyeupe, safari hii kwa uangalifu, trei mbili tu. Alivyonipigia nilitamani nisipokee. Kati ya mayai 60 vilitoka vifaranga 43. Mwaka huu amenitumia wateja watano, wawili wa Mpui, mmoja wa Matai, na wawili wa huko huko kwake. Kila mmoja anaanza simu kwa maneno yale yale: "Nimeambiwa wewe ukiulizwa unasema ukweli."

Hao waliambiwa hivyo na mtu niliyemdanganya. Nalifikiria hilo kila nikifungua duka.

Sasa kazi ya leo, ifanye kabla hujalala. Chukua bidhaa yako moja inayotoka sana. Chini ya tangazo lake ongeza mstari mmoja: haifai kwa kazi gani. Mstari mmoja tu. Halafu mtu wa kwanza atakayekuuliza bei, muulize anaitaka ya kazi gani, na umsikilize mpaka amalize.

Tuendelee kupambana. Salamu kutoka Sumbawanga, na mizigo yetu inasafiri kwa basi.